Fundi wa Barazani
Fundi wa nguo pale Voi alishonea kwenye baraza ya duka lililokuwa lake. Aliliweka rehani, likapigwa mnada, naye akatangazwa muflisi mahakamani. Aliyelinunua, kwa bei ya kutupa, ni mdai wake mwenyewe. Tangu hapo fundi aliwapima wateja kimya, pini mdomoni, vidole vyepesi. Siku moja mdai akaja kupimwa kanzu ya Idi.

"Ujira nitaukata kwenye deni lililobaki," akasema.

Fundi akatema pini. "Duka si unalo, bwana?"

"Bei ya mnada haikutosha."

"Bei uliitaja wewe."

"Mbona hukutaja kubwa zaidi?"

Fundi akamzungushia utepe shingoni, akaukaza, akaukaza tena. Mdai akakohoa. Ndipo akaulegeza, akasema kwa adabu, "Inchi kumi na tano."