Nyumba ya Hewa Bora ndani ya televisheni

Mashine ya michezo ilifika Lubumbashi ndani ya sanduku la mama mmoja wa parokia yetu, aliyekuwa amekwenda Canada kumwona binti yake. Kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, anaishi huko. Ndiye aliyeizungushia blanketi na kumwomba aniletee. Mimi nilikuwa mwanamke mzima, nafanya kazi katika duka la dawa, na sikuwa nimegusa mchezo wa televisheni tangu utoto. Nilimpigia simu nikamuuliza anafikiri nitafanya nini na kitu kile. Akasema nijaribu tu, tutacheza pamoja.

Mchezo aliouchagua haukuwa wa mpira wala wa bunduki. Ulikuwa wa kujenga: unakata miti, unachimba udongo, unachoma matofali, unapanga. Yeye akiwa kwake na mimi kwangu, tuliingia katika kiwanja kimoja kupitia intaneti, nikamwona mtu wake mdogo mwenye kofia nyekundu ananijia huku akinipungia mkono. Sikuwa nimemwona yaya tangu nilipomsindikiza uwanja wa ndege. Nililia, ingawa ilikuwa katuni tu.

Tulikutana Jumamosi mchana, wakati kwake ni asubuhi, kama umeme ulikuwapo. Usipokuwapo, alinisubiri. Mwanzoni tulijenga ovyo, minara na madaraja yasiyokwenda popote. Kisha siku moja nikakuta ameshachora msingi, na kabla hajasema neno nikajua ni nini. Ilikuwa nyumba yetu ya mtaa wa Hewa Bora.

Nyumba ile baba aliijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba, miaka aliyofanya kazi kwenye reli. Tulizaliwa humo. Mama alipofariki, baba akaanza kuugua na hakuweza tena kubaki peke yake, basi tukaiuza, naye akahamia kwangu. Yaya hakuwapo siku tuliyotoa vitu. Aliondoka nyumba ikiwa yetu, na kichwani mwake ilibaki yetu.

Tuliijenga msimu mzima wa mvua, na tulipokuwa tukijenga tuliongea. Kwa simu ya kawaida tulikuwa watu wa salamu na habari za afya, kisha kimya. Lakini macho yakiwa kwenye matofali, maneno yalitoka yenyewe. Alinieleza jinsi alivyougua mwaka wake wa kwanza huko na hakumwambia mtu. Nami nikamsimulia siku za mwisho za mama, ambazo hakuwahi kuniuliza. Yule mtu mwenye kofia nyekundu akasimama mbele ya ukuta bila kusogea, kwa muda mrefu, halafu akaendelea kupanga.

Baba alikuwa anakaa nyuma yangu na redio yake, akiona tunapoteza wakati. Jumamosi moja aliizima.

"Hiyi mulango haikukuwaka hapa," alisema.

Nikamuuliza ilikuwa wapi.

"Ku mukono ya kushoto. Mama yenu alikuwa anapikaka inje. Nilitia mulango kushoto juu moshi ya mbabula isiingie mu nyumba."

Yaya alisikia yote kule aliko. Tulikuwa tumepita katika mlango ule utoto wetu wote, na hakuna kati yetu aliyejua kwamba uliwekwa pale kwa ajili ya moshi wa jiko la makaa la mama. Akavunja ukuta, akauhamisha. Tangu siku ile baba alisogeza kiti chake kando yangu. Alituonyesha mti wa parachichi ulisimama wapi, na kwa nini dirisha la chumba chao lilikuwa dogo kuliko mengine. Alimwita yaya kwa jina lake la utotoni, na yaya akaitika.

Kisha likaja tangazo. Nilipowasha mashine likajitokeza kwenye kioo, kwa Kifaransa kizuri: kampuni inatushukuru kwa uaminifu wetu, mchezo utafungwa mwisho wa mwezi, na tunakaribishwa kununua mpya. Nilidhani halituhusu, kwa sababu diski ilikuwa kwenye kabati langu. Yaya akanieleza kwamba diski ni ya kuingilia tu. Nyumba yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta zao, nazo ndizo zitakazozimwa. Aliwaandikia kuomba waturuhusu tuichukue. Jibu liliandikwa na mashine. Lilimshukuru tena.

Sina ugomvi na kampuni kufunga. Kila duka hufunga siku moja. Kinachoniuma ni kwamba yaya alipolipa waliita kununua, nasi tuliamini tumenunua. Simu yangu nayo ni hivyohivyo: betri imechoka, lakini fundi hawezi kuitoa bila kuvunja kioo, kwa sababu walioitengeneza hawakutaka ifunguliwe. Malori ya madini yanatupita kutwa kwenda mpakani, na vitu vinavyotokana nayo vinaturudia vimefungwa kwa gundi. Tunavilipia, na bado wenye mali wako mbali.

Baba hakushangaa hata kidogo; kwake kampuni ni kampuni tu.

"Kompani iko paka kompani," alisema.

Akanisimulia kwamba baba yake alifanya kazi kwa kampuni, na familia yote ilikaa katika nyumba ya kampuni. Siku babu alipopata pensheni, waliambiwa warudishe ufunguo, na bibi akaacha maharage yake bustanini yakiwa bado mabichi. "Njo maana nilijenga yangu," akasema baba, na nikamwona anakumbuka kwamba hiyo yake nayo tuliiuza. Nikainuka kwenda kumletea maji.

Jumamosi ya mwisho umeme ulikuwapo. Hatukujenga chochote. Baba alimwomba yaya aingie kwa mlango wa kushoto, apite barazani polepole, afike kwenye chumba chenye dirisha dogo. "Baki hapo," akamwambia. Wote watatu tukabaki humo mpaka kioo kikageuka cheusi na maandishi yakasema hakuna mawasiliano.

Wiki chache baadaye baba aliniambia nimpeleke Hewa Bora. Mwenye nyumba wa sasa ni mama mmoja mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye familia yake ilitoka Kasai. Alitutolea viti, akamwita baba papa kwa heshima, akatuletea vinywaji. Ukuta wa mbele ulikuwa umebomolewa ili apate mahali pa duka. Upande wa kushoto palikuwa pamezibwa kwa matofali mapya. Katika chumba changu cha zamani alikuwa amelala mtoto mchanga. Baba aliuliza swali moja tu, kama paa la nyuma bado linavuja mvua kubwa ikinyesha. Mama yule akakubali kwamba linavuja, na baba akamwonyesha kwa fimbo yake bati la kutengeneza.

Nilitoa simu nimpigie yaya picha. Baba akaushika mkono wangu.

"Acha. Hiyi iko ya benyewe."

Jioni ile yaya akanipigia. Nilimwambia nyumba inatunzwa vizuri, kuna watoto, wameipaka rangi ya kijani. Akauliza kuhusu mlango. Nikamwambia umezibwa. Akauliza kama baba alifurahi, nikasema sijui, lakini amekula bukari, yaani ugali wake, yote. Baada ya hapo hakuwa na swali jingine, wala mimi sikuwa na habari nyingine. Hatukukata simu. Nilisikia gari linapita huko kwake, naye nadhani alisikia watoto wa jirani, tukabaki hivyo mpaka mega zangu za intaneti zikaisha.