Gawio Tamu, Kugawanywa Shubiri

Katika Kiswahili chote, Bi Batuli wa Ngarenaro aligombana na neno moja tu: kugawanya. Maneno mengine alielewana nayo, hata matusi mawili matatu aliyoyatunza kwa ajili ya vijana wa bodaboda wanaopita karibu mno na meza yake ya kashata. Lakini mtu akisema "tugawanye", hata kama ni andazi, uso wake ulikunjamana.

Alikuwa na haki yake. Mumewe, fundi cherehani Shamsudin, Mungu amrehemu, alipofariki, ndugu zake walikuja kutoka Tanga na nyuso za msiba na kamba za kufungia mizigo. Waligawanya vyerehani, wakagawanya makabati, na sufuria la pilau nusura walitoe masikio kwa kuvutana. Walipoondoka, wajane wawili, Bi Batuli mke mkubwa na Bi Rukaiya mke mdogo, walibaki wakitazamana sebuleni. Tuseme ukweli, mume alipokuwa hai hawakupendana. Uke wenza una miiba yake, na wao walichomana vya kutosha. Walianza kupendana siku ile, juu ya sakafu tupu.

Kile kidogo walichoachiwa wakakiweka pamoja, wakanunua hisa za benki moja ndogo ya hapohapo Arusha. Hisa ziliandikwa jina la Rukaiya kwa sababu kitambulisho cha taifa cha Batuli kilikuwa hakijatoka. Kilipotoka, hakuna aliyehangaika tena. Waliapiana jambo moja tu: hizi hazigawanywi, mpaka kufa.

Kila mwaka benki ilipopata faida, gawio liliingia. Wakanunua gunia la mchele na madera ya sare ya Idi, wakapita nayo barabarani makusudi, wale waliozoea kuwachonganisha wayaone. Neno gawio Bi Batuli alilipenda kama asali. Hakuwahi kujiuliza lina undugu gani na lile analolichukia.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa akikata kashata kwenye sinia. Philemoni, jirani yake muuza vipuri, naye ana hisa za benki ileile, akapita mbiombio.

"Shikamoo mama! Hongereni, naona hisa zenu zimeshagawanywa."

"Marahaba. Zimefanywaje?"

"Zimegawanywa, mama! Na bei imeshuka, ilikuwa elfu tano, sasa mia tano." Mteja akamwita, akaenda zake, wala hakujua amewasha moto.

Kisu kilibaki kimesimama katikati ya sinia. Nani awezaye kuzigawanya, kama si yule mwenye jina? Tena Rukaiya, ambaye kila Ijumaa huja kula kwake, jana hakuonekana wala hakupiga simu. Bi Batuli alijumlisha moja na moja, akapata jibu lililomuuma kuliko yale ya ndugu wa Tanga. Wale hakuwahi kuwapenda. Huyu alimpenda. Akajifunga mtandio, akamwachia jirani mwingine meza, akashika njia ya Sokon One, anakokaa Rukaiya, huku akilia waziwazi, na atakayemshangaa na amshangae.

Rukaiya alifungua mlango, macho yamemvimba.

"Umezigawanya?" Batuli hakutoa hata salamu.

"Mimi?" Rukaiya alishika kifua. "Si wewe dada uliyekwenda kuomba? Meseji imeniingilia juzi. Nikasema basi, dada amenichoka, anataka kila mtu achukue chake. Ndiyo maana jana sikuja. Ningeanzaje kula kwako?"

Wakaisoma meseji pamoja, vichwa vimegusana: *Hisa zako zimegawanywa. Kila hisa moja sasa ni hisa kumi.*

"Mbona tumegawanywa halafu tumezidi?" Batuli aliuliza. "Wale wa Tanga walipogawanya, tulipungua."

Rukaiya akavaa mtandio wake. Wakatoka kwenda benki kabla haijafungwa, kila mmoja bado amemnunia mwenzake kidogo, maana hasira ikishapanda haishuki kwa meseji.

Benki walipokewa na binti aitwaye Anneth. Akawapa shikamoo na viti, akawaeleza taratibu. Hisa ya elfu tano ilikuwa inawashinda watu wengi wa kipato cha chini. Kwa hiyo mkutano mkuu wa wanahisa umeamua kila moja ikatwe kumi, kila kipande mia tano, wengi waweze kununua. Waliokuwa nazo hawakunyang'anywa kitu. Zamani walikuwa na chache za bei kubwa, sasa wana nyingi za bei ndogo, na mali ni ileile.

"Na gawio letu?" Batuli aliuliza kwa ukali.

"Kwa hisa moja litakuwa dogo, mama, ila hisa zenyewe ni nyingi. Kugawanywa hakulipunguzi wala hakuliongezi. Hilo linategemea faida ya benki."

Batuli akacheka mpaka mlinzi akageuka. "Kumbe mmekata kashata! Watoto wa shule wakija na sarafu ndogo, nakata vipande vidogo. Sinia ni lilelile!"

"Ndivyo hasa, mama," Anneth alisema, akatazama kompyuta yake. "Ila hapa naona jina moja tu."

Kicheko kilikatika. Bi Batuli aliinamia ndala zake. Asubuhi ile alikuwa amebeba mdomoni maneno ya kudai nusu yake, na sasa aliyaonea haya.

"Mkitaka, tuanze taratibu hapa, wakala wa hisa atamalizia," Anneth aliendelea. "Kila mmoja achukue nusu, au zibaki pamoja kwa majina mawili."

Rukaiya aligeuka kwenye kiti. Alimtazama Batuli kama mtu anayesubiri hukumu.

"Nusu hatutaki," Batuli alisema. "Ya nusu yalishatupata."

"Basi majina mawili," Rukaiya alisema. "Na lake litangulie, yeye ndiye mkubwa."

Bi Batuli alisogeza kiti chake. Akamshika mkono juu ya meza ya benki, mbele za watu.

Anneth alichukua kalamu. "Uhusiano wenu niandikeje? Ndugu?"

"Mke mwenza," Rukaiya alisema.

Binti akaandika, kisha akasita. "Mume naye yupo?"

"Alishatangulia," Rukaiya alisema.

Bi Batuli alichungulia karatasi, akaweka kidole juu ya lile neno la kwanza, "Mke".

"Hilo lifute, mwanangu," alisema. "Hili la pili liache."