Uvimbe Usiouma

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo kimoja cha afya Temeke, nilikaripiwa kwa sababu ya mikono baridi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi kule kusini, na sare yangu niliipiga pasi mpaka ikataka kusimama yenyewe. Mama wa kwanza niliyemgusa alishtuka. Metroni, ndiye muuguzi mkuu wetu, akaniita pembeni.

"Binti, mgonjwa akishtuka leo, kesho harudi. Sugua viganja kwanza."

Ni yeye aliyenifundisha kupima matiti. Unatumia vidole vitatu vya katikati, vikiwa bapa, unavizungusha taratibu kutoka kwapani hadi kwenye chuchu, mama akiwa ameweka mkono nyuma ya kichwa. Kwapani hupiti haraka, kwani huko kuna tezi, vijifundo ambavyo saratani huvifikia mapema inapoanza kusambaa. Eksirei ya matiti mnayoisikia nyie vijana, sie kituoni hatukuwa nayo. Tulitegemea vidole na macho: ngozi yenye vijishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoanza kuingia ndani, majimaji yenye damu. Uvimbe mwingi si saratani, Metroni alitukumbusha kila mara, lakini usiudharau hata mmoja eti kwa kuwa hauumi.

Nilikuwa nimetimiza miaka minne kazini pale alipokuja Bi Mwanahawa, mwenyeji wa Mtoni. Biashara ya mitumba ilikuwa imefunguliwa, naye aliuza sidiria soko la Tandika. Alimleta mjukuu kuchanjwa, kina mama wenzake wakaondoka, yeye akabaki kwenye benchi.

"Sista, mie siumwi," akasema. "Kuna kitu tu hapa, kama kokwa ya tende. Nilikigusa nikijaribu sidiria."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mfungo. Au ndiyo haya makafa-Ulaya, mitumba hii ninayovaa, yameniletea?"

Nilimwambia sidiria haileti saratani, iwe mpya au ya mtumba. Nikamuuliza kuhusu ukoo wake, maana ugonjwa huu wakati mwingine hufuata damu, ingawa wengi wanaoupata hawana ndugu aliyewahi kuugua. Akainama.

"Dada yangu. Walimkata, akafa."

Mganga mfawidhi, daktari msimamizi wa kituo, alimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa mjini. Huko walikata kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, wakakitia kwenye chupa ya formalini, dawa inayozuia nyama isioze, kisha kikaangaliwa kwa darubini. Jibu lilichukua wiki kadhaa. Ilikuwa saratani, ila ndogo bado, na tezi za kwapani hazikuwa zimevimba. Daktari wa upasuaji alitaka aliondoe titi, halafu mama apigwe mionzi kuua mabaki.

Bi Mwanahawa akakataa. Nilimfuata nyumbani, nikamkuta na mumewe, Mzee Saidi, kuli wa bandarini.

"Sista, tunakuheshimu," mzee akaniambia, "lakini mke wangu hakatwi. Shemeji yangu nilimbeba kwa mikono hii kwenda kumzika."

Nikaaga, nikarudi kituoni. Kesho yake mganga mfawidhi alisema, "Tumewaeleza, wamekataa. Andika kwenye faili."

"Usiandike bado," Metroni akasema. "Niletee wote wawili."

Ilinichukua siku tatu kuwashawishi waje. Metroni alimwomba Mzee Saidi asubiri nje, akatuingiza chumbani, akafunga mlango. Akaanza kufungua vifungo vya sare yake. Upande wa kushoto wa kifua ulikuwa bapa, na kovu refu lilishuka kutoka kwapani. Miaka minne nilifanya kazi na mwanamke yule, na sikuwa najua!

"Huu mwaka wa tisa," alisema. "Dada yako alikwenda hospitali lini?"

"Kidonda kilipoanza kunuka."

"Mie nilikwenda uvimbe ukiwa kama wako. Dada yako hakuuawa na kisu, bibi wee. Alichelewa."

Bi Mwanahawa alinyoosha kidole, akaligusa kovu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akajifunga kanga yake vizuri, akamwendea mumewe nje.

"Baba Hawa, mie nakwenda kukatwa. Unanisindikiza, au niende na hawa?"

Mzee Saidi aliivua kofia yake, akaikunja, akaikunjua. Mwisho akaniuliza mimi, "Huko hospitali, shuka tunakwenda nazo?"

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mionzi ilimchosha na kuibabua ngozi yake, na vidonge vya kuzuia homoni inayouchochea ugonjwa alivimeza kwa miaka. Alijishonea kifuko cha kitambaa, akakijaza ulezi kikawa na uzito wa titi, akakitia ndani ya sidiria. Metroni alipokiona alimwagiza amshonee chake siku hiyohiyo, wakacheka mpaka mganga mfawidhi akachungulia mlangoni.

Baadaye nilihamishiwa Kinondoni, nikiwa msimamizi wa kliniki ya mama na mtoto. Kila nilipofundisha nilimwalika Bi Mwanahawa aje aseme mwenyewe, maana maneno yangu peke yake hayakutosha. Si wote tuliowaokoa. Wapo waliokuja na vidonda, na wale tulibaki kuwapunguzia maumivu na kuwashika mkono. Lakini mwaka hadi mwaka waliokuja mapema waliongezeka, na Bi Mwanahawa aliwaona wajukuu zake wakiolewa.

Sasa nimestaafu, naishi Bunju. Nikiulizwa kazi ilinifunza nini, nasema watu hawaogopi ugonjwa peke yake. Wanaogopa kuwa peke yao nao, na dawa ya hilo haihitaji kusubiri bajeti.

Wiki iliyopita jirani yangu, kijana fundi seremala, alibisha hodi asubuhi. Mkewe alikuwa nyuma yake, ametazama chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mke wangu ana uvimbe kwenye titi. Hauumi, na yeye anasema tungoje. Mie nimekataa kungoja. Twende wapi?"

Nikawaambia wanisubiri nivae viatu.