Tembea Mpaka Mulango

Massoudi, fundi wa magari wa mutaa wa Buyenzi, alikuwa najivuna kama hakuna moteri yenye inaweza kumudanganya. Anatega sikio tu: hii irudi barabarani, hii ilale garage. Wiki tatu kitandani mu hospitali, alipigwa risasi na tumbo ikashonwa, bado alikuwa nachokoza dokta Hugues: eti anasoma makaratasi mingi, hana masikio.

Ilikuwa 1995, wakati ya vita. Iyo asubuhi majeruhi sita walilala chini mu koridori, vitanda vyote vimejaa. Dokta akapita kitanda kwa kitanda kuangalia nani bado anahitaji hospitali, nani amepona anakalia nafasi ya wengine. Kipimo yake moja: tembea mpaka mulango, urudi.

Massoudi hakuwa na pa kwenda. Nyumba iliungua, bibi na watoto walikimbilia Uvira, ng'ambo ya mupaka, hana habari yao. Alikuwa nasema ile vile mutu anakuambia ni saa ngapi. Caritas, muforoma mwenye kuuguza wagonjwa pale, alimunongoneza mapema: baba, chechemea kidogo, shika tumbo. Pierre wa kitanda ya pili alichechemea, akaachwa abaki. Ingekuwa we na mi, tungetambaa kabisa.

Zamu yake ikafika. Chumba muzima inaangalia, wale wale aliwaambia kila siku kama yeye ni chuma. Massoudi akatembea wima mpaka mulango kama afisa mu defile ya jeshi, akageuka, akarudi.

"Umepona, muzee," dokta akasema.

"Si nilikuambiaka?"

Akapewa karatasi ya kutoka. Shuka haijapoa, wakalaza pale mwanaume wa bandeji mu kichwa, haongei, hana mutu. Na hospitali inatoa dawa tu. Kupika na kufua ni kazi ya murwaza, ndugu mwenye kukulinda, anayelala kwa mukeka chini ya kitanda yako. Caritas akauliza koridori muzima huyu ni wa nani. Hakuna mwenye alimujua.

Massoudi alisimama na furushi yake. Hakusikia huruma, hakusikia uchungu, hakusikia kitu. Akachukua sufuria, akaenda kuteka maji.

Kesho yake dokta akaona miguu imetokea chini ya kitanda.

"Massoudi. Si nilikutoa?"

"Ulitoa mugonjwa. Mi ni murwaza."

"Mugonjwa wako anaitwa nani?"

Massoudi akatoka chini ya kitanda. "Bado hajaniambia."

Dokta akaandika mu fishi ya mugonjwa, pa murwaza: Massoudi. Akaenda kitanda yenye inafuata.