Wageni Waliokataa Kula

Sisi watu wa Bunia tuna ugonjwa mmoja usio na dawa hospitalini: mgeni akibisha hodi, tunasukuma shida zetu chini ya kitanda. Anakuta ua umefagiwa, kuku amechinjwa, watoto wamepakwa mafuta mpaka magotini. Akiondoka, tunarudi kwenye njaa yetu. Nilikuwa mama kijana wakati ule wa Zaire, na hadi leo nikikumbuka usafi wa siku moja ya wageni, nakasirika.

Binti yangu wa kwanza alikuwa amevimba miguu. Nilimwachisha ziwa mapema kwa sababu nilipata mimba nyingine, na ugali wa muhogo peke yake haukumtosha. Nywele zake ziligeuka rangi ya kutu. Hakulia tena, alikaa tu. Kilichomweka hai ni kikombe cha maziwa alichopewa kila asubuhi kwenye kituo cha mtaani kwetu, kilichoendeshwa na shirika moja la msaada kutoka Ulaya. Msimamizi wa kituo alikuwa mwuguzi wa kutoka Djugu, mwanamke mkali mwenye moyo mweupe. Tulimwita mama muganga.

Jumapili moja baada ya misa alitueleza kwamba wageni watakuja. Si wa shirika, si wa serikali. Ni kikundi kinachojitegemea, kazi yake kuzunguka na kuangalia kama mashirika ya msaada yanasema kweli, kisha kuwaambia watu wanaotoa huko Ulaya: hawa wasaidieni, wale waacheni.

"Musibadirishe kitu," alisema. "Banakuja kuona batoto vile beko. Bakikosa kuona bagonjwa, maziwa itaisha."

Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Mama mkwe wangu ndiye aliyetangulia kupinga.

"Mugeni atoke mbali na ndege, akute mutoto wa miguu ya kuvimba? Atasema siye hatujue kulea."

"Mama, bamuone tu," nilimwomba. "Ile maziwa njo dawa yake."

"Weye nyamaza. Aibu ya nyumba haitoke inje."

Siku ya wageni, nilipokwenda kuchota maji, mama mkwe alimbeba binti yangu mgongoni, akavuka naye mto Nyamukau, akamficha kwa dada yake. Bibi wengine wa mtaa walifanya vivyo hivyo na wajukuu wao. Niliporudi nilikuta mkeka mtupu, na hakuna aliyekubali kuniambia mtoto yuko wapi.

Wageni walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, pamoja na mkalimani aliyevaa abakosti, ile suti ya Zaire isiyo na tai. Walikuta kituo kimejaa watoto wa majirani waliopelekwa na bibi zao, wanene, wamevaa nguo za misa. Wakamwomba mama muganga abaki kituoni, wakaingia mtaani na kuchagua wenyewe milango ya kugonga. Ndivyo kazi yao inavyotaka: anayekaguliwa asiwaongoze njia. Kila mlango ulijibu sawasawa: "Aksanti kwa Mungu, batoto yetu iko muzima."

Kisha ikaja meza. Kuku, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa ziwani kutoka Kasenyi. Wageni walitabasamu, wakakataa. Mkalimani akaeleza kwamba hawali chakula cha watu wanaowakagua, wasije wakaonekana wamehongwa. Kwetu, anayekataa chakula chako amekuja na kesi. Hata wale wanawake wachache waliokuwa wameanza kulegea, wakafunga midomo. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Hawa hawakumponya mtu.

Wifi yangu alinihurumia, akaninong'oneza mtoto alipo. Nilikimbia mpaka ng'ambo ya mto, nikamnyakua, nikarudi mbio. Gari lao lilikuwa linageuza mbele ya kituo. Nikasimama mbele yake.

"Huyu njo mugonjwa!" nilipiga kelele. "Muandike huyu!"

Yule mgeni wa kike alishuka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Alichuchumaa, akabonyeza mguu wa binti yangu kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayepima embe sokoni. Nyama ilididimia, shimo likabaki. Alilitazama kitambo. Akasema neno, na mkalimani akanitafsiria:

"Mama, anasema pole. Lakini banahesabu tu batoto benye bamekuta beye benyewe. Mutoto wa kuletewa, habamuhesabu. Kila pahali kwenye banaenda, kuko mutu analeta mutoto moja."

Nyuma yangu mama muganga alikuwa amesimama mlangoni pa kituo. Walimtazama, kisha wakanitazama mimi. Walidhani yeye ndiye aliyenituma.

Mvua kubwa hazijaisha, maziwa yakakatika. Tuliambiwa kituo kilidai wagonjwa wasiokuwepo. Mama muganga alirudi Djugu na jina la mwizi. Binti yangu hakuiona Noeli.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mbona hakikumuumbua yeye? Mama mkwe alilia msibani kuliko sisi wote, na akahakikisha kila aliyekuja kutupa pole amekula akashiba.

Siku ile, gari lilipoondoka, nilikaa chini pale barabarani na binti yangu mapajani. Shimo la kile kidole lilikuwa bado mguuni mwake. Watu walikuwa wanatazama. Nikalifunika kwa kitenge.