Jumapili Rabi Alipokataa Kuwasha Tanuri

Kuna Jumapili moja ninayoikumbuka hata nikisinzia kwenye kipindi cha hesabu, mwanangu. Usicheke nikikuita mwanangu. Mimi nina miaka kumi na saba, wewe kumi na miwili, na hapa ugenini Doonside hiyo inatosha kunifanya mzee, hasa kwa vile magoti yangu tayari yanauma kwa sababu ya mpira. Kaa nikueleze nilivyokuwa mjinga.

Mwaka jana nilikuwa na kibarua cha Jumapili kwenye kiwanda cha mikate huko Smithfield. Kazi yangu ilikuwa kuosha trei na kuchekesha watu, na ya pili ndiyo niliyoifanya kwa bidii. Mikate ile ilienda kwa Wayahudi, na wao wana masharti yao. Lazima rabi, yaani kiongozi wao wa dini, akague unga na mayai, kisha awashe tanuri kwa mkono wake mwenyewe. Asipowasha yeye, mkate haupati muhuri na maduka yao hayaupokei. Bosi wetu hakuwa Myahudi. Alikuwa Mkristo kama sisi, msalaba shingoni, “Bwana asifiwe” mdomoni.

Rabi alikuwa mzee mpole mwenye kofia nyeusi. Mimi nilimwita Mzee Kiberiti. Alijua, na hakukasirika.

Aliyekanda unga ni Dada Furaha, kutoka Bukavu. Bosi alimleta kwa ahadi ya shule ya mapishi, na shule yenyewe hajawahi kuiona. Alilala chumba cha juu ya stoo, dereva wa bosi alimpeleka dukani na kumrudisha, na pasipoti yake ilikuwa kwenye sefu ofisini. Sote tulijua. Tulijua kama unavyojua kwamba mlango wa choo cha shule haufungi: unazoea. Nilikuwa namwambia, "Dada Furaha, wewe ni kama friji, ukichomolewa hapa unazima." Alicheka. Au nilidhani anacheka.

Siku hiyo rabi alikuwa amechutama mbele ya tanuri, njiti inawaka mkononi, nami nikataka kumchekesha.

"Rabi, hapa kila kitu kina karatasi. Unga una karatasi, mayai yana karatasi. Dada Furaha tu ndiye hana. Bosi kamfungia zake kwenye sefu."

Hakucheka. Njiti ilimfikia kidoleni, akaipuliza.

"Tangu lini?"

"Natania tu, rabi."

"Nimekuuliza tangu lini."

Dada Furaha hajui Kiingereza sana, lakini jina lake alilisikia. Akanivuta mkono. "Weye mutoto, nani alikutuma? Unataka banirudishe kwetu? Mama nitamuambia nini?" Unga ulikuwa unamdondoka mikononi hadi sakafuni. Nikatafuta neno la kumtuliza, nikakuta kichwani mna utani peke yake.

Rabi hakumkimbilia bosi, mwanangu, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa mbali naye kidogo, akaniomba nitafsiri.

"Mwambie nimekuja hapa miezi minane. Nimefungua kila gunia. Yai likiwa na tone la damu nalitupa. Yeye sikumuuliza hata jina. Mwambie naomba msamaha."

Nikatafsiri. Dada Furaha akamgeukia, akasema, "Muambie naitwa Furaha."

Rabi akamweleza kwamba kuna mama wakili kwenye sinagogi lake, anayesaidia watu walioshikiliwa namna hii, na mahali pa kulala papo. Angekuja saa hiyo hiyo, lakini Furaha akitaka tu. Akikataa, hakuna wa kumlazimisha. Dada Furaha alifuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kwa kidole. "Amwite," akasema. Akapanda juu kufunga begi lake.

Bosi akaingia. "Rabi, tanuri bado baridi? Lori linakuja saa nne!"

"Leo siwashi."

"Unga una kasoro?"

"Unga ni mzuri. Aliyeukanda haruhusiwi kutoka mlangoni akitaka. Siwezi kutia muhuri wangu hapo."

"Kazi yako ni unga, si watu wangu!"

"Hivyo ndivyo nilivyodhani," rabi akasema, "miezi minane."

Wakili alifika, mama mfupi mwenye viatu vya mazoezi. Alimwomba bosi pasipoti mara moja tu, kwa sauti ya chini, simu mkononi. Sefu ikafunguliwa. Dada Furaha hakuitia pasipoti kwenye begi. Aliishika kwa mikono miwili hadi garini.

Baadaye nilisikia rabi amewaambia marabi wenzake kwamba kabla ya kufungua gunia lolote, wawaulize wafanyakazi wanalala wapi na nani anashika pasipoti zao. Wengine walimjibu kuwa hiyo ni kazi ya polisi. Akawaambia, "Kila mwaka tunawasimulia watoto kwamba tulikuwa watumwa Misri. Tukimpita mtumwa bila kumwona, tunasimulia nini?"

Mimi nilipoteza kibarua. Mama alinigombeza kwa kukaa kimya muda wote ule, si kwa kufukuzwa.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukimwona mtu hashiki karatasi zake mwenyewe, usimgeuze kichekesho. Muulize yeye kwanza, faraghani, anataka nini, halafu tafuta mtu mzima mwenye uwezo na asiye na domo kama langu. Na ukija kuwa pasta, au sheikhe, au rabi (wewe na mapenzi yako kwa soseji za nguruwe, sidhani), ujue utafunguliwa milango ambayo wengine hawafunguliwi. Ukiingia, anza na watu. Vitu vitasubiri.

Mungu akupe macho ya kuwaona hata uliowazoea, na moyo wa kuomba msamaha mapema kuliko mimi. Sasa nenda, mama yako amekuita mara tatu, na ya nne huwa anakuja mwenyewe.