Mama Mkwe, Kompyuta na Pazia

Kwetu Mbale, na kwao mke wangu huko Busoga pia, mwanaume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Hamshikani mikono, hamtazamani usoni. Sikuwahi kulalamikia heshima hiyo mpaka ofisi ya mama mkwe wangu pale Jinja, alikokuwa mpiga chapa, ilipotangaza kwamba mashine za chapa zinaondoka, na mpiga chapa asiyejua kompyuta ataondoka nazo. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Mumewe, afande wa magereza, alikuwa amefariki, na kazi ile ndiyo iliyoshikilia nyumba.

Mimi nilikuwa nauza kompyuta kuukuu. Mke wangu akanijulisha, bila kuniuliza, kwamba Jumamosi tunaenda kwa mama yake Wanyange, karibu na Jinja. Nikapakia moja kwenye basi, nikahesabu nyaya, nikazihesabu tena. Makondakta nawajua.

Tuliiweka mezani Mama akiwa jikoni. Kisha akaingia, nami nikatoka nikakaa barazani nyuma ya pazia, mgongo kwa mlango. Mke wangu alisema kazi yake ni chai.

Kwanza tukapatana. Nilitaka maneno mapya kumi kabla ya chakula cha mchana, akasema matatu. Nikashuka hadi saba, akasukuma kiti kama mteja anayeanza kuondoka. Tukafunga kwa manne. Sokoni sijapigwa vile.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka yote nilikuwa nafundisha wateja kwa kidole. Bonyeza hapa, angalia pale. Sasa “hapa” yangu ilikuwa baraza na kuku wawili. Nikamwambia atafute kijistari kinachopepesa kwenye kioo. Kilipo ndipo herufi itakapotua. Akakipata. Neno faili halikutusumbua, makabati ya mafaili alikuwa nayo ofisini. Kusevu ndiko kulikotushinda. Nilimweleza habari za bidhaa za kaunta na bidhaa za stoo, nikaona nimesema vizuri.

“Mkwe wangu,” akasema, “mimi si mwenye duka. Niambie kwa kazi yangu.”

Nikamuuliza, bosi akikusomea barua, kabla hujaipiga iko wapi? Kichwani, akasema. Na mtu akikukatiza? Inapotea. Basi, nikamwambia, maneno ya kwenye kioo kompyuta inayashika kichwani tu. Kusevu ni kuiambia iandike chini. Nikasikia vidole vyake vikianza kukimbia.

Alasiri umeme ukakatika. Bwawa linalotengeneza umeme wa nchi nzima liko Jinja, lakini majirani zake wanawasha mishumaa. Kisha nikamsikia akipenga kamasi polepole, kama mtu asiyetaka kusikika. Mke wangu alikuwa ameenda dukani. Kuingia siwezi.

“Mama, uliiambia iandike chini?”

“Nadhani.”

“Iliuliza jina la faili?”

“Iliuliza. Nikaipa jina la marehemu.”

“Basi ipo.”

Nilisema kwa sauti ninayouzia kitu ambacho sijakikagua. Mashine ilikuwa kuukuu, na mimi ndiye niliyekuwa naujua umri wake.

Tukangoja. Akanisimulia jinsi marehemu alivyokuwa akimsomea barua za kupeleka kwao kaskazini huku akitembea chumbani, na akisahau neno anamlaumu mpiga chapa. Nilicheka nikiutazama ukuta. Umeme uliporudi nikamtajia hatua moja moja, naye akairudia kila moja kabla ya kubonyeza. Mara akaanza kusoma kwa sauti, ukurasa mzima, na nukta zote akazitaja.

Jumanne mgeni kutoka Jinja alituletea kikapu cha samaki wa kukaushwa nyumbani kwetu Namakwekwe, Mbale. Ndani kulikuwa na karatasi iliyopigwa kwa kompyuta, imenyooka kama barua ya wizara. Kazi amebaki nayo. Wenzake wawili, wasio wapiga chapa, nao walitahiniwa wakashindwa, wamepewa wiki moja warudie. Je, mkwe wake anaweza kumwandikia maneno yale, awasomee?

Jioni ile nilikaa mezani na kalamu. Kabla ya kuandika neno la kwanza nikamtuma mke wangu akamuulize mama yake hao wawili wanafanya kazi gani pale ofisini.